Kwa Mke Mwenzangu Anayetaka Kuacha Zamu

Mpendwa mjukuu wangu Rehema, mke mwenzangu,

Simu yako ya jana ilikatika kabla sijapata la kukujibu. Labda ni mtandao, labda uliikata wewe. Vyovyote vile sina kinyongo. Ulisema yule mama aliletwa na wasamaria baada ya bodaboda aliyopanda kugongwa na lori, ukawa wa kwanza kumpokea, ukafanya yote kwa mpangilio uliofundishwa, na daktari wa zamu alipofika hakukuta kitu ulichokiruka. Na bado akafia mikononi mwako. "Bibi," ukasema, "mikono yangu haifai kazi hii." Ukaongeza kwamba Jumatatu, badala ya kuingia zamu, utakwenda kumwomba mkuu wenu akuondoe chumba cha dharura, akupeleke kliniki ukapime watoto uzito.

Mimi si mtu wa simu, unajua. Maisha yangu ya kazi niliyamaliza kwenye kiwanda cha uchapaji, nikisahihisha maandishi ya watu wengine, na tangu hapo nimezoea kulitazama neno kabla sijaliachia. Kwa hiyo nimeamka leo Jumamosi nakuandikia. Mama Shabani, jirani wa chumba cha pili, ataipiga picha barua hii akutumie, ikufikie kabla ya Jumatatu. Naiacha wazi, wasome na wengine, maana si wewe peke yako mwenye bibi Kariakoo na zamu mbali na nyumbani.

Wasiotufahamu watauliza huyo mke mwenza ametoka wapi. Ni utani tu, ule ule wa majumbani kwao: bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, wanamgombea babu. Babu yako, fundi cherehani mwenye subira kuliko sisi wote, aliufurahia utani huo mpaka mwisho wake. Mama yako alipopata kazi Mwanza akakuacha kwangu uanze darasa la kwanza, jioni ile ile ulikwenda kukaa kwenye kiti pembeni ya babu yako, miguu haifiki chini, ukaniambia, "Wewe nenda jikoni, leo mume ni wangu." Babu yako alicheka mpaka akaliweka chini shati alilokuwa analishona. Mimi nilikwenda jikoni. Ningefanya nini, nimeshapinduliwa.

Lakini ulimi huo ulikuwa wa ndani. Ukivuka kizingiti, sauti ilishuka ikawa ya mtu aliyeingia msibani. Umekulia Mtaa wa Sikukuu, mahali ambapo spika za wauza nguo zinaanza kutangaza kabla chai haijachemka, ambapo wapagazi wanapiga mluzi na mwenye mkokoteni anamfokea mwenye bodaboda anayemfokea mwenye gari. Na wewe ukitumwa dukani ulikuwa unasimama pembeni kusubiri mwenye duka akuone. Wazee wa mtaa walikupenda kwa hilo. Walisema mtoto huyu ana adabu. Nami nilipokea sifa hizo kwa niaba yako, na zilinipendeza.

Kwa hiyo ulipomaliza uuguzi ukachaguliwa kwenda mafunzo ya huduma za dharura, nilifurahi, ila ndani nikajiuliza.

Wiki za mwanzo ulirudi na habari za mdoli. Mdoli mkubwa kama mtu mzima, analazwa sakafuni, mnamshindilia kifua, mnampulizia pumzi, mnamfunga jeraha ambalo hana. Ulinionyesha kwa mto wa kitandani mpaka pamba ikatoka. Kwa mdoli hukuwa na shida yoyote. Ulisema Sista Flora, mkufunzi wenu, alikuita mbele uwaonyeshe wenzako namna ya kuweka mikono, na ulilisema hilo ukiangalia ukutani ili nisikuone unavyotabasamu.

Kisha wakaleta watu. Igizo lilikuwa hivi: mgonjwa kaanguka sokoni, ndugu wamemzunguka. Mlinzi wa chuo, mzee wa heshima zake, akapewa nafasi ya baba wa mgonjwa. Ukaingia na begi lako la dharura, ukamwona mzee, magoti yakajikunja yenyewe. "Shikamoo baba. Poleni sana." Naye mlinzi, mtu mwema, akasahau kwamba anaigiza, akaitikia marahaba, akakuuliza habari za nyumbani. Ukamjibu. Darasa lote likaangua kicheko. Sista Flora hakucheka. Alisubiri mmalizane, halafu akasema kwa upole, "Rehema, mgonjwa wako amekufa. Sasa mnaweza kuulizana na habari za shamba."

Mara ya pili hukusalimia, lakini uliomba. Samahanini wazazi wangu, naomba kama hamtajali mnipishe kidogo. Hakuna aliyekupisha, kwa kuwa hakuna aliyekusikia. Sista Flora akakuita pembeni. Alikwambia kuwa mikono yako asingeibadilisha na ya mwanafunzi mwingine yeyote, lakini mikono haimfikii mgonjwa kama mdomo haujaifungulia njia. Kama mpaka mtihani wa vitendo hali itakuwa hiyo, angekurudisha wodini, tena bila ubaya, kwa kuwa wodini nako kunahitaji watu wapole.

Siku hiyo ulifika nyumbani ukakaa mkekani, ukaanza kuchambua mchele ambao nilikuwa nimeshauchambua. Nikakuacha. Baadaye ukasema, bila kuinua uso, "Bibi, mtu wa umri wa babu nitamwambiaje asogee?"

Swali hilo halikuwa la woga, Rehema. Lilikuwa la mtoto aliyelelewa. Mtu mzima humtumi, humkatishi, humpiti bila salamu, humwelekezi kwa kidole. Hayo tulikufundisha sisi kwa miaka yote, mimi na babu yako na mtaa mzima, na sasa mama mmoja mwenye saa mkononi anataka uyaweke mlangoni kama viatu.

Nilianza na dawa niliyoijua. Nikazikata sentensi zako kama nilivyokuwa nikizikata za waandishi. Naomba kama utaweza kunisaidia kushika hapa, nikaifuta yote nikaacha: shika hapa. Ukazisoma vizuri. Lakini ulizisema ukitazama miguu yangu, na agizo linalosemwa kwa miguu haliendi kokote.

Ndipo nikalala. Nilijinyoosha pale mkekani, nikafunga macho, nikakwambia mimi sasa si bibi yako. Mimi ni mke mwenzio, nimekuibia mume, na leo nimeanguka hapa barazani kwako najidai naumwa ili anionee huruma. Ukasema, "Bibi, acha bwana." Nikaanza kukoroma kama mtu anayekata roho, na katikati ya kukoroma nikasema kwa sauti kwamba mume alinipenda mimi, wewe ulialikwa kwenye pilau tu.

Hapo nikaisikia. Ile sauti ya kitini kwa babu yako, lakini sasa imekomaa. "Nyamaza, kikongwe wewe. Fumbua mdomo." Ukanishika kidevu. Nikakukataza. Ukaniambia nikikukataza tena utaniacha hapo hapo nizikwe na deni la pilau. Ukanigeuza ubavu, ukaukunja mkono wangu chini ya shavu, ukaita watu ambao hawakuwepo: wewe piga simu, wewe sogeza meza, wewe mama acha kulia mshike miguu. Kila mmoja ulimwelekezea kidole. Mimi nilikuwa nimefumba macho, na machozi yalikuwa yanatoka kwa kicheko.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mama Shabani, mwiko mkononi, kasikia matusi kupitia ukutani. "Jamani Rehema, bibi yako huyo unamwita kikongwe?" Nikamjibu kutoka chini, "Mwache, ananitibu." Akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema nyumba hii sasa inahitaji kuombewa, akarudi kwenye mboga zake. Kesho yake, alipoelewa, akaja mwenyewe kuigiza shangazi wa mgonjwa, na hakuna shangazi msumbufu kama yule katika mji huu wote. Alikuwa anakushika mkono, anataka kummwagia mgonjwa maji, anauliza kwanza wewe ni mtoto wa nani. Ulijifunza kumhamisha bila kumsukuma. Ulimtafutia kazi: shangazi, simama mlangoni, gari likija liite. Akasimama mlangoni kwa fahari kabisa.

Bado hukuwa na uhakika. Uliniambia kwamba mimi ni mke mwenza na Mama Shabani ni Mama Shabani, lakini huko nje kuna watu wenyewe.

Na huko nje alikuwepo Mzee Salehe. Wasomaji wamjue: ana duka la vitambaa karibu na kona yetu, wazee wake walitoka Arabuni zamani, yeye alizaliwa hapa hapa Kariakoo, na ndiye mkubwa wa mtaa. Asubuhi mbele ya duka lake wazee wanakunywa kahawa, na hakuna mtoto anayepita bila kusimama kumwamkia. Jumamosi ile mimi na wewe tulikuwa tunarudi sokoni na kapu la samaki na nazi. Nilimwona kabla yako, amesimama, kikombe kimeanguka, mikono yote miwili imeshika koo. Kipande cha kashata kilikuwa kimempalia. Hakukohoa. Hakutoa sauti yoyote. Macho yalikuwa yanatuuliza.

Mwanawe mkubwa, Abdul, alikuwa anapiga kelele aletewe maji. Mzee mmoja alikuwa anampulizia utosini. Mwingine amemshika mkono anamsomea dua, na dua ni jambo jema, lakini alikuwa amesimama mahali pako. Nikakutazama. Ukalitua kapu. Nilikuona ukishusha pumzi, na nilikuona magoti yakitaka kujikunja, kwa kuwa macho ya Mzee Salehe yalikuwa juu yako na mwili wako ulimjua tangu utoto.

Hukukunja. Ulisema, "Maji weka chini." Mwenye kikombe akakiweka. Ulipomfikia mzee, Abdul akakuzuia kwa mkono, na sikumlaumu hata siku ile. Binti wa watu, mbele ya mtaa, unakwenda kumshika baba yake. "Dada, mzee hashikwi hivyo," akasema.

"Sogea."

Neno moja. Hukulisema kwa ukali, na hukuomba radhi. Na Abdul, mwanamume wa familia yake, akasogea, tena akashangaa kujikuta amesogea.

Ukamwinamisha mzee, ukampiga kwa kiganja kati ya mabega, makofi mazito ambayo niliyasikia kifuani mwangu. Hakikutoka. Ukazunguka nyuma yake, ukamkumbatia, ngumi juu ya kitovu, ukavuta ndani na juu. Kofia ikaanguka. Mtu akasema "astaghfirullah." Ukavuta tena. Uso wake ulikuwa umeanza kugeuka rangi, na mimi, mke mwenzio, nilikuwa nimekishika kitambaa cha kapu kwa meno. Ukavuta tena, na kile kipande kikaruka kikaangukia kwenye sinia la kahawa, na Mzee Salehe akavuta pumzi kama mtu aliyezamia muda mrefu.

Ulimkalisha, ukamsikiliza kifua, ukamwambia Abdul wampeleke hospitali aangaliwe ndani, hata kama anasema amepona. Ndipo ukaiokota kofia, ukaipangusa, ukapiga goti ukampa kwa mikono miwili. "Shikamoo babu." Hakuweza kuitikia, koo lilikuwa linauma. Akakuwekea kiganja kichwani. Wenzake hawakungoja hata apate sauti. Mmoja akamwambia, "Salehe, umekumbatiwa hadharani, sasa posa iende lini?" Na yeye, sauti ya kwanza aliyoipata, akanigeukia mimi: "Mama, mtoto huyu mnamlisha nini? Mbavu zangu ziko wapi?"

Mtihani wa vitendo ulikuja baadaye, ukafaulu. Ulisema mlinzi wa chuo aliigiza tena, na safari hii alijitahidi sana kukuuliza habari za nyumbani, ukampa kazi ya kushika mwavuli.

Lakini ninachotaka ukikumbuke ni mazungumzo yetu ya jioni ile, tunakaanga samaki wale. Nilikuuliza ulijuaje kwamba kitatoka. Ukawageuza samaki, ukafikiri. Ukasema, "Sikujua, bibi. Nilijua tu kinachofuata. Kikikataa hiki, nafanya hiki." Nilidhani kujiamini ni kuwa na hakika ya mwisho. Nilizeeka nikidhani hivyo. Wewe, mbele ya jiko la mkaa, ukaniambia kwamba mwisho haukuwa wako hata kidogo.

Basi niambie, kwa yule mama wa juzi hukujua kinachofuata? Umenieleza mwenyewe: ulijua, na ukafanya, na kilipokataa ukafanya kinachofuata, mpaka vikaisha. Mikono ile ile. Mzee Salehe alipaliwa na kashata, yule mama aligongwa na lori. Unajihukumu kwa ukubwa wa lori. Lia, mjukuu wangu, mlilie kabisa; aliyekufa akiwa na mtu wa kumlilia hakufa ovyo. Lakini usiitukane mikono yako kwa sababu ya kazi ambayo mikono ya mtu yeyote isingeiweza.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia, kwa sababu halikuwa na mahali pa kukaa katika mazungumzo ya jikoni. Unajua nilizaliwa ng'ambo ya Mto Ruvuma, na kwamba vita vilituvusha nikiwa msichana mdogo. Hujui kwamba tulipovuka mama yangu alikuwa amejeruhiwa paja. Tulikuwa wengi, watu wazima wengi, wenye nguvu na wenye huruma. Tulipofika upande huu walimlaza kivulini wakamzunguka. Kila mtu alikuwa anampa pole. Mmoja alimletea maji, mwingine alimshika kichwa, wengine waliimba kwa sauti ya chini. Damu ilikuwa inatoka polepole, na mimi nilikuwa nimekaa karibu na mguu wake, naitazama. Hakuna aliyejua kwamba ilitakiwa kukandamizwa kwa nguvu, na kuendelea kukandamizwa. Hilo nimelijua kwako, siku uliponionyesha kwa mto wa kitandani.

Nilikutazama siku ile ukiubana ule mto kwa uzito wako wote, ukinieleza kwamba hapa huachii, hata mgonjwa akilalamika huachii, na nikasema nakwenda kuangalia maharage. Maharage hayakuwepo jikoni.

Siwalaumu wale watu. Walimpa mama yangu kila walichokuwa nacho, na hakufa peke yake. Lakini ni karibu miaka yangu yote sasa, na bado huwa nawapitia usoni mmoja mmoja pale kivulini, natafuta mmoja tu ambaye angesema sogeeni. Hayupo. Kila nikirudi hayupo.

Na wakubwa wako wa kazi wamekupeleka wewe huko huko kusini, si mbali na mto ule. Walipokwambia kituo chako, wewe ulilalamika kwamba ni mbali na Kariakoo. Mimi nilikufungia mizigo nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nafikiria barabara zile, na watu wanaoletwa kutoka barabara zile, na kwamba sasa wakifika mlangoni kuna mtu.

Sitakudanganya kwamba hutapoteza mwingine. Utapoteza. Kliniki ya watoto ni kazi nzuri, na ukienda huko kwa kuipenda nitakushangilia kwa vigelegele. Ila usiende huko kwa kukimbia. Kesho pumzika, funga simu, pika kitu cha maana, na Jumatatu ule kwanza, usiingie zamu na chai ya rangi tupu tumboni. Kisha uvae, uingie. Watakaoletwa siku hiyo hawana habari kama Ijumaa ulilia. Watakuwa wanaumwa, na ndugu zao watakuwa wamewazunguka, wanawapenda, hawajui la kufanya.

Wakukute.

Mimi, bibi yako na mke mwenzio,
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo